Landrova ya Baba Imewaka

S.L.P. 61,
Tunduma,
Mkoa wa Songwe.
7 Desemba 2025

Mpendwa dada Edina,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana nayajua magoti yako na naijua tabia yako ya kusoma barua ukiwa umesimama mlangoni. Presha imetulia tangu ubadilishiwe dawa? Shemeji Mabula na ng'ombe wake wanaendeleaje? Mwanao Mbuke alijifungua salama? Hapa wifi yako Restuta hajambo, kile kikohozi kimemwacha. Mimi ni mzima wa mwili. Mvua zilianza tarehe 24 Novemba na hazijapumzika siku nzima hadi leo.

Baba yupo. Nimeandika "yupo" kwa makusudi, dada. Sikuandika "hajambo".

Utashangaa kupata barua wakati tuliongea kwa simu Jumapili iliyopita. Sababu ni hii: kila ukipiga na kuniuliza gari limefikia wapi, nakujibu "bado kidogo". Juzi nilikaa na shajara yangu nikaisoma tangu mwanzo. Maneno hayo nimeyaandika mara thelathini na moja. Nikapiga simu tena nitayasema mara ya thelathini na mbili, ndiyo maana naandika.

Nianze na habari inayofurahisha, iko moja tu. Landrova ya Baba imewaka. Iliwaka tarehe 2 Oktoba, saa nne asubuhi, kwa ufunguo, bila kusukumwa. Injini ya dizeli ya Hiace tuliyoifunga badala ya ile ya petroli imekaa kama ilizaliwa humo. Breki zinashika. Spring za nyuma nilizipata Nakonde kwa Mzambia mmoja ambaye, nilipomweleza ni za kumbeba mzee wangu, alikataa kuniuzia zilizopinda. Alisema, "Za bashikulu, za babu, lazima ziwe nzima." Bodi tumeinyoosha bati kwa bati, na rangi ni ileile ya kijani uliyokuwa ukiichora kwenye daftari lako la darasa la tatu.

Na kiti kipo. Hiki nataka ukijue. Nilikitoa kwenye lori lililopinduka mteremko wa Chimbuya, na Brayan, yule mchomeleaji wa jirani, akakiwekea reli na mkono wa kuzungusha. Mlango wa kushoto tumeukata ukapanuka kwa sentimita ishirini. Kiti kinatoka nje chote, kinashuka hadi usawa wa kiti cha magurudumu cha Baba, kinampokea, kinapanda, kinarudi ndani. Nilimpima Baba mwenyewe kutoka goti hadi kisigino, na kutoka kiuno hadi bega. Hakuna gari Tunduma nzima lenye kiti kama hicho.

Sasa nikwambie kwa nini liko uani na halitatoka.

Unakumbuka chesisi ilivyokuwa imeliwa na kutu mbele kulia, pale spring inaposhikilia. Miaka ishirini na mitano ya kusimama bandani kijijini Mbangala siyo mchezo. Mwezi Mei tuliikata sehemu ile yote, tukaunga chuma kipya. Brayan alikishika kile kipande cha zamani akaniuliza, "Bro Fanuel, hiki tunakiweka?" Nikamwambia kutu siwezi kuiweka kumbukumbu. Unanijua napenda uwanja safi. Tarehe 11 Mei nimeandika hivi: "Uwanja umefagiliwa. Vyuma chakavu vyote vimechukuliwa na mwenye mkokoteni." Niliandika hata idadi ya magunia.

Namba ya chesisi ilikuwa imegongwa kwenye kipande hicho.

Nilikuja kuligundua Oktoba, mkaguzi alipokuja nyumbani ili gari lipewe namba mpya za usajili. Alikuwa mtu mzima, mpole, alivua kofia alipomsalimia Baba. Akapiga magoti, akapangusa chuma kwa kidole. Akasema, "Mmechomelea vizuri sana. Namba iko wapi?" Nikazunguka gari mara mbili kama mtu anayetafuta miwani iliyo usoni. Lile bati dogo la namba lililokuwa ndani lilishang'oka zamani. Kadi ililiwa na mchwa Mbangala, wewe mwenyewe ulikiokota kile kipande kilichobaki. Namba za zamani hazikuwahi kubadilishwa kuwa za sasa, maana gari lilikuwa limeshasimama, kwa hiyo hata kwenye kompyuta halimo. Na mimi niliyeandika tarehe ya kila nati, sikuwahi kuinakili namba hiyo popote.

Mkaguzi akaniambia, "Mwalimu," maana aliona daftari mkononi akadhani ni mwalimu, "hapa ni mpakani. Gari lisilo na namba ya chesisi ni yatima, na kila yatima hapa tunamhesabu kuwa ameibwa ng'ambo. Nakuomba lisitoke getini. Likitoka, nitakayelikamata ni mimi, na sitapenda." Simlaumu. Ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo. Nilimfuata mwenye mkokoteni. Alicheka kwanza, kisha akaona uso wangu akaacha. Vyuma vya Mei vilishayeyushwa kabla ya Juni.

Lakini dada, sijafika bado kwenye jambo lililonifanya nikae kuandika. Gari ni chuma, lingekuwa hilo tu ningekwambia kwa simu.

Tarehe 14 Juni Zahoro, jirani yetu Mtanga mwenye malori, aliingia uani akanikuta chini ya gari. Baba alikuwa amekaa kibarazani, anakunywa uji mwenyewe kwa mkono wake wa kulia. Zahoro akaniinamia. "Wewe Fanuel, unatengeneza gari au unajenga kanisa? Pikapu yangu ile kubwa iko bure wiki nzima. Mzee tumwekee godoro, kesho alfajiri tunaondoka, jioni yuko Mbangala kwa mkewe. Mchanga wa huko naujua, nitapita."

Nikamjibu kutoka chini ya gari, bila hata kutoka, "Asante, jirani. Baba atakwenda kwa gari lake. Bado kidogo."

Baba alisikia.

Zahoro alirudi mwezi Julai na tena Agosti. Mara ya tatu aliniambia, "Jirani, mzee hana hamu ya gari. Ana hamu ya safari." Nilikasirika, na hilo nimeliandika pia. Niliona anadharau kazi yetu. Mama tulimzika Machi mwaka jana Baba akiwa kitandani hospitali Mbeya kwa kiharusi cha kwanza, hajui hata siku ni ipi, na kitu pekee alichoomba ulimi ulipomrudia ni kufika kaburini akatupe udongo wake kama mume. Mimi ndiye niliyeongeza kwamba afike kwa gari lililomleta Mama kama bibi harusi. Baba hakuwahi kulisema hilo. Nimepekua kurasa zote nikitafuta siku aliyolisema. Haipo.

Na mimi ndiye niliyekwambia wewe usije mpaka gari likamilike, ili tushuke bondeni sote watatu. Pasaka ulitaka kuja, nikakwambia subiri. Nanenane vilevile.

Siku ileile mkaguzi alipoondoka nilikwenda kwa Zahoro. Nilisimama mlangoni kwake kama mtoto aliyevunja chungu. Hakunisimanga hata kidogo. Alisema, "Kesho." Akaanza palepale kupakia godoro. Hiyo ilikuwa tarehe 16 Oktoba. Asubuhi ya tarehe 17 Restuta alipompelekea Baba maji ya kunawa, mdomo ulikuwa umekwenda upande na mkono wa kulia, ule mzima, haukunyanyuka. Kiharusi cha pili. Hilo nilikwambia, ila nilisema ni "kidogo". Halikuwa kidogo. Daktari ameniambia wazi kwamba Baba hawezi kusafirishwa mbali, kukaa kwake kitako kumebaki kwa dakika za kuhesabu, na kwamba tumweke karibu na watu wake. Nilimwuliza kama kuna miezi. Akasema, "Msiipange miezi."

Kwa hiyo jumlisha mwenyewe, dada. Kazi ya gari ilichukua miezi kumi na tatu. Nguvu za Baba za kusafiri zilikuwepo miezi hiyohiyo kumi na tatu.

Nilidhani labda nimletee udongo wa kaburini. Ningepanda basi hadi Mbalizi, nikashuka Galula na Mkwajuni, kutoka hapo bodaboda hadi Mbangala. Nikamwambia Baba. Maneno yake sasa yanatoka kwa taabu, lakini haya yalitoka yamenyooka: "Udongo anatupiwa aliye chini. Haupandishwi juu kumfuata aliye hai." Safari hiyo nikaiacha.

Tarehe 29 Novemba mvua ilikatika kidogo, akaomba awekwe kwenye gari lake. Mimi, Restuta na Zahoro tulimpeleka. Kiti kilitoka, kikashuka, kikampokea, kikapanda, kikarudi ndani. Hakuumia hata kidogo. Restuta alilia, akasingizia vumbi, na uwanja ulikuwa na matope matupu. Zahoro akaenda kusimama nyuma ya gari.

Nikawasha. Macho ya Baba, kama ujuavyo, sasa yanaona mwanga na vivuli tu. Basi nikapata wazo, na ninaona haya kukuandikia. Nilikanyaga mafuta kidogo, nikaliacha gari lingurume, Zahoro akalitikisa kwa nyuma, nami nikaanza kumsimulia. "Baba, tumepita Vwawa. Hapa ni Mlowo, sokoni kumejaa. Sasa tunaanza kushuka kwenda Galula, joto linaanza." Nilimshusha hadi karibu na mto.

Baba akasikiliza muda. Kisha akasema, "Fanuel."

"Naam, Baba."

"Nimeendesha miaka thelathini na minne. Gari likiingia gia nalijua kwa makalio. Hili halijatoka nyumbani."

Zahoro huko nyuma alishindwa kujizuia, akacheka. Na Baba akacheka, dada. Kwa ule upande mmoja wa mdomo, lakini alicheka, mara ya kwanza tangu Oktoba. Halafu akasema, "Zima, unaichosha injini." Nikazima. Tukakaa, yeye na mimi, tumeelekea getini.

Akaniuliza, "Nyuma panaenea mtu kulala?"

Nikasema panaenea.

"Basi nitakwenda nikiwa nimelala. Mama yenu Marta nitamkuta hivyohivyo. Uniahidi, kwa gari hili."

Nilimwahidi. Mkono wake, tuliomwekea sisi, ulikuwa juu ya dashibodi niliyoipiga msasa mwenyewe, nami nikamwahidi, huku nikijua kwamba gari hili halivuki geti, si akiwa amekaa, si akiwa amelala. Siku ikifika atakwenda kwa pikapu ya Zahoro. Tumeshakubaliana na Zahoro kwa maneno machache. Baba hajui, na sina moyo wa kumwambia. Jioni ile, kwa mazoea tu, nilichukua futi nikapima nyuma: mita moja na sentimita themanini na nne. Nikaandika. Nilipoona nilichoandika nikaifunga shajara, na tangu siku hiyo sijaandika kitu hadi barua hii.

Restuta ananiambia nisijihukumu, kwamba nilifanya kwa mapenzi. Ni kweli. Nilimpenda kwa mpangilio, kitu kimoja baada ya kingine, hadi siku zikaisha.

Sasa ombi langu. Ulisema utakuja gari likiwa tayari. Dada, usilisubiri. Panda basi wiki hii, likipatikana la kesho panda la kesho. Anakuuliza kila siku asubuhi, na kila siku namjibu yale maneno mawili niliyokujibu wewe mwaka mzima. Bado anaijua sauti yako. Ukifika utatukuta, na Landrova utaiona imesimama uani, inang'aa, ina maji na mafuta. Pita pembeni yake uingie ndani moja kwa moja.

Msalimie sana shemeji Mabula, umwambie fimbo aliyomletea Baba bado iko kichwani pa kitanda. Msalimie Mbuke na mtoto wake, na majirani zako wote wanaotukumbuka. Restuta anakusalimu, na Zahoro anasema utakapofika stendi umpigie yeye, hata kama ni alfajiri, atakupokea. Mungu akuongoze njiani, ayashike magoti yako, na akufikishe mlango ukiwa wazi.

Mdogo wako akupendaye,
Fanuel