Tulikuacha Kwenye Chemchemi

Mama Chebet,

Nilitaka kuanza kwa kukuuliza hali, nikajiona mjinga. Ungecheka mpaka ushike ubavu. Ungesema, "Huyu Mkamba hata kaburini atapiga hodi aulize kama nimeshakunywa chai." Basi sikuulizi. Mimi ndiye nitakayekupa hali, na hali ni mbaya, na sitaitia sukari kwa sababu wewe hukunizoesha.

Nimekalia kiti chako. Usikasirike. Changu kilivunjika mguu wiki ileile uliyokufa. Fundi alikitazama, kisha akalitazama tumbo langu, akafunga kisanduku chake cha vifaa kwa heshima. Chumba ni kilekile, nyuma ya kanisa hapa Njiru, na kisiagi cha unga cha jirani bado kinanguruma mchana kutwa mpaka tunatoka humu weupe kama waliopakwa poda. Ila ukutani kuna kitu kipya: wewe. Shirika lililoniajiri limekutia kwenye fremu. Ni ile picha uliyoikataa, umevaa shanga alizokuazima mpiga picha, ambazo ulimwambia ni za watu wengine kabisa, si za Waogiek. Chini yake wameandika kwamba ulikuwa nguzo ya jamii asilia. Nguzo hiyo iliomba miaka na miaka mlango unaofungika, watu wasilie huku watoto wa jirani wakichungulia. Mlango haukupatikana. Fremu imepatikana, tena ya kioo.

Nami pia walinihudumia. Walinipangia kijana wa kunipa ushauri kwa simu, sauti kama ya binti yangu Mwende. Akaniuliza maumivu yangu yako wapi, kati ya moja na kumi. Nikamwambia tatu, kwa sababu nilisikia anatafuna, nikataka amalize chakula chake kwa amani. Miaka yote hii nawauliza watu maswali hayohayo, na sikujua jinsi mtu anavyoweza kuyadanganya kwa urahisi namna hiyo.

Unakumbuka nilivyokuja kwenu? Na cheti changu cha ushauri nasaha kwenye bahasha ya kaki, na shati la kazi nzuri. Mama wa kwanza nilimuuliza anajisikiaje, akanijibu, "Njaa." Wewe ukainuka ukampa uji, halafu ukanikalisha pembeni. Ukasema watu wenu walifurushwa msituni wakatawanyika, wengine wakaangukia huku Njiru na Dandora, wanalinda mageti na kuchambua plastiki, na mtu wa namna hiyo huwezi kumuuliza anajisikiaje kabla hamjajua yuko wapi. Ndiyo maana uliwatembeza. Kwa mdomo.

Mtu anaketi, anafumba macho, anaingia njia ya ukoo wake kutoka chini. Anataja kila anachopita: jiwe la chumvi, mtarakwa uliopigwa na radi, pale mbega wanapowakojolea wapita njia, mpaka afike kwenye mti wenye mizinga ya babu yake. Wengine wote wanamfuata kimya. Akifika, ndipo analia, au anasema lililomleta. Hakuna kumharakisha na hakuna kumwacha njiani. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yako pekee. Nilipokuuliza umeisomea wapi, ukasema ndivyo nyanya yako alivyokulaza usingizi.

Zamu yangu ilipofika mkanilazimisha nami nitembee, na mimi njia ninayoijua ni ya Dandora. Nikawatoa stejini kwa matatu, nikawapitisha kwa kinyozi, kwa muuza mutura ya kuchoma, nikawafikisha mlangoni kwa mama yangu nikijiona hodari. Mzee Kirui, Mwogiek mwenzako wa ukoo mwingine, akafumbua macho, amekasirika kweli. "Na ule mtaro wa maji machafu, kijana? Tumeuruka vipi? Mimi bado niko ng'ambo!" Nikarudi nikamvusha. Mlicheka hadi mwenye kisiagi akaja kuuliza kuna nini. Tangu siku hiyo kila ukiniona nachelewa: "Baba Mwende amekwama kwenye mtaro."

Sasa nikuambie yale ambayo sijayasema kwa mtu.

Tuliomba tukuzike kule juu, msituni kwenu. Mimi na Chebet wako tulikwenda. Ofisa wa misitu alitupokea vizuri, akatuagizia chai ya maziwa, akasikiliza yote, akasema kule si makazi ya mtu. Chebet akamwambia, "Mathe hatakuwa anakaa, atakuwa amezikwa." Akasema anaelewa, na jibu ni lilelile. Chai ilikuwa tamu sana. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba niliimaliza.

Hapa mtaani unajua msiba unavyokwenda. Kila jioni watu wanakaa kwenye viti vya kukodi, na swali la kwanza ni moja: basi linaondoka lini? Machakos, Kakamega, Kitui, Busia. Kila mtu ana mahali pa kurudishwa. Kwako waliuliza hivyohivyo, jirani baada ya jirani, kwa nia njema, na Chebet akawa anajibu, "Hakuna basi." Mzee mmoja wa kutoka Komarock akadhani tumekosa nauli, akaanza kuchangisha papo hapo. Nani angemweleza? Nikamwacha achangishe. Tukanunulia maua.

Tukakuzika kwenye makaburi ya umma, mstari wa nyuma karibu na ukuta. Mzee Kirui akasema mtu hazikwi bila kupelekwa kwao, na wa kumpeleka ni mtu wa ukoo wake. Hapa mjini wa ukoo wako ni Chebet tu. Akafumba macho akaanza. Akaingia kutoka chini, akapita jiwe la chumvi, akapita mtarakwa, akafika kwenye chemchemi ya majani mapana. Akasimama. Tukangoja. Nilikuwa naijua njia ile kuliko njia ya bafuni kwangu, nimekufuata humo mara nyingi mno. Lakini mimi si wa ukoo, mdomo wangu haukuwa na ruhusa. Nyuma yetu kundi jingine la waombolezaji lilikuwa limeshafika na jeneza lao, wanaimba, na wachimbaji wanatukodolea macho wakiegemea sepetu. Mmoja akasema kwa upole, "Wazee, wenzenu wanangoja." Mchungaji akayafunga mazishi haraka kwa sala. Udongo ukaingia.

Chebet hakulia. Aliniambia tukiwa getini: "Anko, si mmemwacha mathe kwa njia. Nyinyi wote. Na mimi ndiyo nimemwacha wa kwanza." Akarudi kazini kwake saluni Komarock siku iliyofuata, na hakuonekana hapa tena.

Wiki hizo ndipo bosi wetu mpya alipotuletea yai. Naam, yai. Ni la plastiki, la kupimia muda wa mapishi. Unalizungusha, linalia. Eti vikao vyetu ni virefu mno, watu wengi wahudumiwe. Nilimweleza kuhusu kutembea. Akasema ni mbinu nzuri sana, ataiweka kwenye ripoti, ila watembee upesi kidogo.

Siku hiyo alikuwa akitembea Mzee Kirui. Ulikuwa unamjua, mzee hakanyagi jani bila kulitambulisha. Alikuwa ameingia mtoni, maji yamemfika magotini, anapapasa jiwe la kukanyagia, yai likalia. Bosi akapiga makofi. "Asante sana Mzee, next!" Mzee akafumbua macho akatutazama mmoja mmoja kama watu tuliomwibia. Akavaa kofia yake akaondoka. Nikamfuata nyumbani, nikabisha, akanijibu kutoka ndani: "Usinisumbue. Niko mtoni. Mmeniacha mtoni."

Nilicheka njiani nikirudi, Mama Chebet, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu, halafu nikaketi kwenye rundo la mawe ya ujenzi na sikuweza kuinuka. Wewe kwenye chemchemi. Mzee mtoni. Na mimi, mtaalamu wa kutowaacha watu njiani, nina yai mfukoni.

Chebet alikuja mwenyewe, Jumamosi moja, na kucha alizozipaka rangi ya chungwa. Hakusalimia. "Anko, unaijua hiyo njia?" Nikamwambia naijua mpaka mtoni. "Nifunze basi. Na usinifanyie counselling." Nikaapa.

Imekuwa kazi. Mwanao amezaliwa Njiru. Mti anaoujua ni ule uliofungwa bango la fundi wa friji. Anaruka mambo. "Hapo tunakata kushoto, halafu sijui mawe gani..." Namwambia rudi, hujawapita mbega. "Ai, Anko, si wametukojolea last week?" Watakukojolea kila siku, ndiyo njia yenyewe. Mara moja alinichosha nikapandisha sauti, akanipa lile jicho lako, lile la kumtazama mtu aliyekunywa uji wa mgonjwa. Nikaomba msamaha kwa jicho hilo kabla hata ya kumwomba yeye. Halafu juzi, tulipofika chemchemi, aliniambia kitu. Kwamba ulikuwa ukimtembeza kila usiku akiwa mdogo, na kwamba hapo hasa, kwenye majani mapana, ndipo usingizi ulipokuwa ukimchukua. Hakuwahi kufika mbele. Hakusahau njia, Mama Chebet. Alikuwa amelala.

Alilia hapo. Nami sikumfanyia kazi yangu. Nilikaa tu.

Sasa tumefika mpaka ukingo wa mto, na hapo elimu yangu imekwisha. Nakumbuka vizuri ulivyokuwa ukisimama hapo na kuniambia, "Baba Mwende, geuka, ziba masikio. Ng'ambo ni kwetu." Nami nageuka, tumbo mbele, nimeziba masikio kama mtoto, nikisikia tu kisiagi. Nilikuwa naona ni mzaha wako mmojawapo. Sasa Chebet ananiuliza ng'ambo kuna nini na sina hata jani moja la kumpa.

Ni mtu mmoja tu anayejua. Mkewe Mzee Kirui, Mungu amrehemu, alikuwa wa ukoo wako, na mzee katika ujana wake alivushwa na wakwe zake akatundika mizinga ng'ambo. Jumapili baada ya kanisa tukamwendea, mimi na Chebet. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kumwomba radhi kwa ajili ya yai, yenye maneno kama "kwa niaba ya". Chebet akanikatiza. Akamsimamia mzee mlangoni na kucha zake za chungwa, akasema, "Guka, naweza kumfikisha mathe kwa ukingo. Siwezi kumvusha."

Nilitaka kuzama ardhini. Amekulia na Wakikuyu wa Njiru, kila mzee kwake ni guka, babu kwa Kikuyu. Mzee Kirui akazitazama zile kucha. Kisha akanikaripia mimi.

"Na nyinyi mnanitafuta wapi siku zote hizi? Si niko humo mtoni? Miguu imeganda!" Akamgeukia Chebet, sauti imeshuka. "Mlete. Nitamshika mkono upande wa juu wa maji, nimvushe. Na mimi pia nitoke, nimechoka na baridi."

Basi ni Jumamosi hii. Si kule makaburini, wanatufukuza. Ni hapa chumbani, chini ya fremu yako, uone mwenyewe unavyoonekana na shanga za watu. Bosi nimemwambia nina mgonjwa. Yai nimempa mke wangu; anasema halifai hata kwa mayai.

Usidhani nimesahau kwamba ni kwa mdomo tu. Mwili wako bado uko kule makaburini, karibu na ukuta, na kule juu bado kuna seng'enge, na yule ofisa bado anawapa watu chai tamu. Sijasamehe hata mmoja na sikusudii. Hilo la kusamehe sikulisomea, na sasa nimezeeka.

Lakini ondoka hapo kwenye majani mapana pole pole, tunakuja kukuchukua. Chebet atakuwa mbele. Atawapita mbega, nakuahidi, hata kama itabidi nimrudishe mara kumi. Mimi nitafika ukingoni, na hapo sitaongeza hatua. Nitageuka, nitaziba masikio barabara, tumbo mbele. Na mkishatokomea ng'ambo, hata ukiniita kwa kunichokoza uone kama nachungulia, sigeuki.

Mkishafika, Chebet atanigusa bega. Nimemwomba hivyo. Nisipoguswa nitaendelea kusimama.

Wako aliyekwama kwenye mtaro,
Baba Mwende