Ulisema Tumezoea Kuhama

Mwita, mwenzangu wa rika,

Tumekuzika Jumanne, pembeni mwa kijiji kipya. Nilimwomba mwenyekiti tukupeleke mlimani, ukalale mlangoni mwa zizi la baba yako. Akasema kule ni mahame, makazi yaliyoachwa, hakuruhusiwi, na tena nyati wamejaa. Nadhani nyati waliomba ruhusa mapema.

Wazee walikuja, ila walisimama mbali, kwenye shamba la pamba, kama watu wanaopita tu. Sababu unaijua. Miaka yote ulitoka chuo kikuu kuja kuandika historia yetu, ukitembea Kisaka hadi Natta ukiuliza nani aliishi kilima gani. Mimi nilikubebea mashine ya kunasa sauti, na kukunywea pombe uliyoogopa kuikataa. Kisha ukaja mkutano wa kutuhamisha. Bwana mkubwa wa wilaya akakusimamisha: "Daktari, waeleze." Ukasema watu wetu wamezoea kuhama tangu mababu. Ukavuta pumzi ili uendelee, kama kawaida yenu wasomi. Pumzi ile ndiyo iliyotumaliza. Bwana mkubwa akapiga makofi, wengine wakamfuata, nawe ukakaa. Wiki iliyofuata nyumba zetu za mlimani zilichomwa.

Tangu hapo, kila likizo ukienda kwa Mzee Wambura, mmoja wa wazee hao, aliipokea shikamoo yako, akakupa kigoda na maziwa, akakujibu: "Andika kwamba tumehama, mwanangu. Mengine unayajua." Unarudi na kanda tupu. Nilikutania kwamba sasa wewe ni profesa wa ukimya. Hukucheka. Nikajua ugonjwa huo uliokuja kukuua hauko tumboni tu.

Ulichotaka kuendelea nacho nakijua, ulishanichosha nacho njiani: kwamba zamani tulihama kwa hiari yetu, tukifuata mvua na malisho, na hakuna aliyenyang'anywa mahame yake. Makaburi ya wazee wake yalimshikia mwenyewe mahali pake mpaka arudi.

Jana nimemwambia Mzee Wambura hayo. Akauliza: "Mbona hakusema mwenyewe?" Nikasema walikuwa wanapiga makofi. "Na yeye akakaa," akasema.

Hapo hakukosea, Mwita. Ulikaa kweli.

Nitarudi kwake, na kwa wengine, hata wakinifungia mlango. Nitawaambia yote mawili: ulichotaka kusema, na kwamba ulikaa. Usinikasirikie kwa hilo la pili. Bila hilo, la kwanza hawataliamini.

Lala, mwana wa mama.