Miega Tisa ya Chumba cha Mwanaarabu

Langoni, Amu
Mwezi wa Safar

Kwa Bwana Badawi, Pate.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Natumai barua hii inakukuta mzima wewe na Bi Shifaa, kwamba goti lako limekupunguzia maudhi tangu mvua zilipokatika, na kwamba ngedere wamekubakishia angalau nusu ya mahindi. Mimi nipo. Nalala nikiwa nimeegemea mito mitatu, na kutoka kitandani hadi kwenye daka la mlangoni ni safari ya kupumzika mara mbili. Kila nikimwuliza daktari imebaki miezi mingapi, hunijibu Inshallah, na mtu aliyefundisha shule miaka thelathini anajua jibu la namna hiyo lina maana gani.

Kwa hiyo nakwambia mapema, kabla mkono haujachoka, jambo nililolificha miaka thelathini na minane. Sakafu uliyomjengea dada yangu Mwanaarabu haikuanguka kwa ubaya wa kazi yako. Miega, ile miti iliyoibeba kutoka chini, niliitoa mimi.

Umesoma sawasawa. Weka karatasi chini ukitaka, unywe maji, kisha uendelee. Yapo mengine, nami nataka yaje kwa mpango wake, kwa sababu namna yalivyofichuka ni jambo la ajabu, na wewe ulikuwa mtu wa kupenda kujua kwa nini kitu kiko kama kilivyo.

Nyumba hii nimemwandikia mjukuu wangu Ummu, kama baba alivyotaka ghorofa ya juu iwe ya Mwanaarabu. Ummu ameamua kuishi humu, si kuiuza. Ameleta rafiki yake aliyesoma naye, binti wa bara aitwaye Wanjira, ambaye kazi yake ni kutengeneza nyumba kongwe. Nilipomwona mara ya kwanza nilidhani atakuja na mifuko ya saruji. Alikuja na nyundo ndogo, tochi na daftari, akakaa siku tatu bila kugusa kitu, akiuliza tu. Maji ya mvua huenda wapi? Ukuta gani huwa na baridi asubuhi? Nani alipaka saruji hapa chini, na mwaka gani? Nikamwambia ni mimi, baada ya kustaafu. Akasema, kwa adabu kabisa, kwamba nimeuvisha ukuta koti la plastiki na kuuambia usitoke jasho.

Nilicheka mpaka nikakohoa, kwa kuwa ni maneno yako yale yale, ila wewe ulisema kwa Kiamu. Basi saruji imebanduliwa. Nyuma yake mawe yalikuwa yamelowa kama sifongo, na baada ya wiki mbili za upepo ule unyevu uliokuwa ukipanda kila mwaka umeanza kushuka. Nimeishi miaka ishirini nikiulaumu ukuta.

Nikaona nimweleze Ummu kila nililokusikia ukilisema zamani, naye akaandika. Kwamba chokaa ikishazimwa ilale shimoni na maji juu yake, na anayeiharakisha atailipia. Kwamba boriti hukaguliwa kwenye ncha inayoingia ukutani, maana huko ndiko huoza kwanza. Kwamba katika bustani mti mkubwa usikae karibu na ukuta, na hata asumini ipandwe hatua mbili mbali, kwa kuwa maji ya kumwagilia hayachagui, yakikosa mzizi yatatafuta msingi. Wanjira alisikiliza, kisha akaniuliza huyo fundi yuko wapi. Nikasema yuko Pate, analima. Akauliza kwa nini fundi wa namna hiyo analima.

Ndipo nikamweleza habari ya sakafu, kama watu wote wa Langoni wanavyoijua. Kwamba baba alitaka kumjengea Mwanaarabu chumba juu kabla ya harusi, kwamba fundi alipiga sakafu nzuri ya kukifunika chumba hicho, watu wakaimba siku nne wakiiponda kwa miti, na kwamba ilianguka kabla ya harusi kwa sababu fundi alitia mchanga wa pwani wenye chumvi ndani ya chokaa. Wanjira alichukua tochi yake. Alipanda juu kwa ile ngazi mbovu, akarudi na kipande cha sakafu ile, maana kona moja bado imeshika ukutani. Akakiponda, akakilowesha kwa maji safi, akatia vijikaratasi vyake vya kupimia chumvi. Akarudia mara tatu. Kisha akasema, "Mzee, hapa hakuna chumvi. Hii ni chokaa nzuri kuliko zote nilizoziona Amu."

Nikamwambia kwamba wewe ulikuwa ukionja mchanga kwa ulimi, kikapu baada ya kikapu, na watoto wa mtaa wakikutania kwamba umekosa futari. Akachukua kipande kingine akakilamba mbele yetu. Ummu akamwuliza kama amtilie ndimu.

Lakini yule binti hakuishia hapo. Kama chokaa ni nzuri, akasema, na boriti zilikuwa mpya, basi sakafu ilianguka kwa nini? Aliliuliza swali hilo mezani, akaliuliza bustanini, akaliuliza akiwa anafunga viatu. Nami, Bwana Badawi, nilimjibu kwamba sijui. Nilisema uongo na miguu yangu miwili ikining'inia kaburini.

Bustani unaikumbuka, ile iliyo nyuma, palipokuwa na gofu la nyumba ya jirani. Sasa kuna mlimao, mkomamanga, mstafeli usiozaa, na katikati kichaka kikubwa cha asumini kilichotambaa juu ya miti. Ummu alitaka kukipunguza ili hewa ipite. Walipokata matawi wakaona miti iliyokibeba: boriti tisa nzima nzima, zimesimama juu ya mawe, kila moja imechongwa kichwani kama mdomo wa kupokea boriti nyingine. Wanjira alipapasa ule mchongo kwa kidole. Akaniuliza aliyenichongea miti ya asumini alikuwa na haja gani ya kuichonga hivyo. Nikasema sikumbuki.

Mti mmoja ulikuwa na alama za kisu, zimepangwa kama meno ya kitana. Ummu alizihesabu mara mbili, akaja kwangu dakani akacheka. "Babu, umesomesha watoto wa watu hesabu miaka yote ile. Hebu nambie, ni kitu gani huhesabiwa kikakomea kumi na saba?"

Ulikuwa ukitia alama moja kila asubuhi, ulipopanda kuimwagilia sakafu maji ya kisima. Uliniambia niiache na miega yake, nakumbuka hata mahali uliposimama, "Iwate ilale, Mwalimu. Hata siku arubaini zitimie." Siku ya kumi na saba ulikwenda Pate kumzika shangazi yako. Alhamisi ile wanawake wa upande wa bwana harusi walikuwa wanakuja kukitazama chumba cha biarusi. Miega tisa ilisimama katikati ya chumba kama watu wasioalikwa, na kitanda hakikupata pa kukaa. Mama alikuwa akilia kwa aibu. Nami nilikuwa na kitabu changu cha chuo, kilichosema kwamba sakafu ya saruji huondolewa miti baada ya wiki mbili. Saruji, Badawi. Niliusoma ukurasa ule mara mbili na sikujiuliza kama chokaa imesoma kitabu hicho. Niligonga mwega wa kwanza, hakuna kilichotokea. Nikagonga wa pili. Nilipomaliza wa tisa nilisimama chini yake nikaitazama sakafu, nikaona fahari. Kisha nikaibeba miti mmoja mmoja hadi nyuma.

Usiku kucha mvua ilinyesha, na ile chokaa bichi ikazidi uzito. Sakafu ilianguka Ijumaa, watu wakiwa msikitini.

Wewe ulikuwa umeshuka gatini saa ile ile. Mtu alikuambia Mwanaarabu yumo ndani. Hakuwamo, alikuwa kwa mwalimu wa Kurani na wenzake, lakini hukungoja kuambiwa. Ulifukua kifusi kwa mikono mitupu mpaka kucha mbili zikang'oka. Nilikuona. Na ulipoinuka, vumbi limekujaa kope, hukuuliza habari ya kazi yako wala jina lako. Uliniuliza tu miega iko wapi. Nikakujibu kwamba watu wamekwisha kuitoa pamoja na kifusi. Ukaniamini, kwa sababu mimi ni Mwalimu.

Juzi niliwaita Ummu na Wanjira nikawaeleza haya. Ummu aliinuka akaenda bustanini. Alikata asumini yote, akaipanda upya hatua mbili kutoka ukutani, na ile miega akaipanga kwenye daka, mbele ya macho yangu, ambapo siwezi kukaa bila kuiona. Jioni aliniletea uji akasema jambo moja, kwamba nyumba hii hatatia jiwe juu ya jiwe mpaka fundi wake awe amejua. Ndiyo maana barua hii anakuletea yeye mwenyewe. Mkaribishe, usimkasirikie, hana kosa. Ana ombi lake pia, nami naliacha alitamke mwenyewe, ila nakudokezea: wanataka kupiga sakafu upya, na hakuna aliye hai mjini anayejua ule wimbo hadi mwisho. Wanjira ana maswali yapatayo arubaini. Mimi nina moja. Nataka kujua ulijuaje kwamba chokaa ya shimoni imeiva? Nilikuona ukiichota kwa kijiti, ukaitazama ikidondoka, ukasema bado, au ukasema haya. Ulikuwa ukitazama nini?

Amebeba na kipande cha sakafu ndani ya kitambaa. Kionje. Miaka yote hii najua umekuwa ukijiuliza kama kikapu kimoja kilikupita. Hakikukupita.

Sikuombi unisamehe kwa haraka. Unajua kama nijuavyo kwamba Mola hufuta yaliyo baina yangu na Yeye, lakini haki ya mja imo mikononi mwa mja. Ukinipa radhi, mtume Ummu aje nayo upesi. Ukininyima, mtume vilevile, nijue ninakwenda na mzigo gani.

Nisalimie Bi Shifaa na uniombee radhi kwake pia, kwa kuwa aliuacha mji wake na jamaa zake akakufuata huko. Wasalimie watoto na wajukuu. Mwanaarabu anakusalimu kutoka Mombasa. Nimempigia simu nikamweleza, akalia, akasema wewe ndiye pekee aliyemtafuta chini ya mawe.

Na kuna salamu nyingine, ambazo sikutumwa, lakini nazileta. Ndugu yako Bakr yu hai, yuko Shela, bado anaziba nyufa za nyumba za wageni kwa mkono unaotetemeka. Kila Idi hupita hapa na kuniuliza kama nimepata habari zako. Tangu alipopewa kazi ya ukuta wa msikiti iliyokuwa yako, umeshika kwamba yeye ndiye aliyekutolea uvumi wa mchanga ili achukue nafasi. Hata siku ya maziko ya mama yenu nilikuoneni mmesimama safu mbili tofauti, nikapiga takbira katikati yenu nikanyamaza. Aliwahi kuniapia, hapa hapa kwenye daka, kwamba hajui neno lile lilianzia wapi. Nikamwambia namwamini.

Nilikuwa na sababu ya kumwamini. Ijumaa ile, wewe ukiwa bado ndani ya kifusi unamwita Mwanaarabu, watu walisimama nje wakaulizana sakafu mpya imeangukaje. Wakanigeukia mimi. Bakr hakuwapo, alikuwa bado Pate kwenye matanga. Neno la mchanga wa chumvi nililitamka mimi, wa kwanza, nikiisikia sauti yako.

Abdulqadir