Kimya Kinachotangulia Sauti

Jumatatu, 3 Machi
Duka langu la kutengeneza kompyuta limefunguliwa. Malori ya mpakani Rusumo yamejipanga hadi mlangoni kwangu. Kompyuta ya dada yangu Edita iko mezani. Dada haoni, hiyo ndiyo humsomea maandalio ya masomo na majina ya wanafunzi wake wa shule ya Nyakahura. Siku hizi inameza mwanzo wa kila jina. Nyanzobe anabaki Zobe, darasa zima linacheka. Mkuu wa shule kasema hali ikiendelea hadi Jumatatu ijayo, darasa anapewa mwingine. Nimekasirika sana.

Jumanne, 4 Machi
Spika ni nzima. Basi tatizo liko kwenye draiva, programu inayoiendesha. Mfumo huu ni huria, msimbo wake unasomwa na yeyote. Nimeusoma. Maajabu! Kabla ya kila sauti, draiva inatuma kimya. Kimya cha nini? Kwetu Mabawe tunaishi kwa sola, hatuwashi kitu kisichofanya kazi.

Jumatano, 5 Machi
Nimefuta mistari ya kimya. Spika ikapiga PAA! Nusura niruke dirishani. Na majina sasa yanamezwa zaidi. Nimerudisha kila kitu. Naogopa. Nimewaandikia wanaoutunza msimbo huo, sijui hata wako nchi gani.

Ijumaa, 7 Machi
Wamejibu! Saketi ya spika, njia yake ya umeme, hulala isipotumika. Kimya ndicho kinachoiamsha taratibu, bila kishindo. Kwa kompyuta kuukuu kama hii, kimya kile ni kifupi mno: jina linafika saketi ikiwa bado inaamka.

Wapiga ngoma wetu wa parokia huipasha ngoma moto kwanza, ngozi ikaze, ndipo waipige. Sijawahi kuwauliza kwa nini wanapoteza muda. Na huyu aliyeandika msimbo, mtu asiyeijua Ngara, alikaa akafikiria sikio la mtu asiyemjua. Mwili umenisisimka.

Jumamosi, 8 Machi
Sikufuta kimya. Nimekirefusha. Nyanzobe katoka mzima. Nimepiga kelele, dereva wa lori kaja kuuliza kuna nini. Jioni nimemrudishia dada kompyuta yake.

Jumatatu, 10 Machi
Mvua tangu asubuhi. Dada kapiga simu wakati wa mapumziko. Nikasema shikamoo, akaitikia haraka haraka. Hakunishukuru. Alilalamika kwamba kompyuta inatamka majina kama mzungu, na kwamba ameita darasa zima, wote wameitikia, hakuna aliyecheka, sasa atamkemea nani.