Mama Mlangoni

Kitengela, 4 Oktoba 2009

Kwa Mama mpendwa,

Hujambo Mama? Goti linasemaje? Mimi ni mzima, ila vumbi la Kitengela limenipa kikohozi kisichotaka kuhama. Simu yako haikai na chaji, kwa hivyo nimempa Ngui barua hii, maana pikapu yake ya nyasi inapita huko kila wiki.

Mama, ile picha imetoka! Bedan wa ofisini alikuwa akinicheka ati nimeolewa na kamera. Sasa amenyamaza. Wewe ukisimama mlangoni na jua la Mashuuru likiwaka nje, kamera ya kawaida huchagua moja tu. Ikikuona wewe, mbingu inakuwa nyeupe kama unga. Ikiona mbingu, wewe unakuwa kivuli. Mimi nilipiga tatu: moja ya giza, moja ya katikati, moja ya mwanga mwingi, halafu kompyuta ikazishona pamoja. Wanaiita HDR. Ndiyo maana nilikukataza kutikisika. Ungetokea na vichwa viwili.

Kila kitu kinaonekana, mawingu, maua ya leso yako, hadi ukuta wa ndani nyuma yako. Jioni zote za wiki mbili nimekaa nayo, nikilitoa giza kidogo kidogo. Nitaikuza, niitie fremu, niitume kanisani kwenu siku ya akina mama. Wajue Katee alizaa msichana.

Na wale siafu waliofanya tunywe chai nje, wametoka?

Ni mimi binti yako,
Kalunde


Mashuuru, 11 Oktoba 2009

Mwaitu wangu,

Nitakuita hivyo, mama kwa Kikamba, mpaka nife, kwa sababu umebeba jina la mama yangu. Nimepokea salamu zako. Pole na kikohozi, kunywa tangawizi. Goti hulia nikiinuka, lakini nikilipiga kuomba linanyamaza, basi nadhani limeokoka.

Jua ni lile lile. Jirani yetu Kisemei, aliyekuwa na ng'ombe wa kujaza bonde, amebaki na fimbo. Sisi tunashukuru, hatujakosa. Siafu wanaenda, wanarudi.

Siku ile nilisimama kama mlingoti wa bendera, hata inzi wa puani sikumfukuza. Sasa nakuomba kitu kimoja tu. Hiyo picha niletee mimi kwanza, kabla mtu mwingine hajaiona. Mwanamke hujiangalia kabla ya kutoka nyumbani. Usinifanyie haraka.

Mama yako


Mashuuru, 26 Oktoba 2009

Kalunde,

Niko hai. Salamu zitoshe hapo.

Jana Mchungaji Obura alifunua picha yako mbele ya kanisa lote. Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga, kwa kuwa macho yangu ni mabovu na nilijiona mwenyewe tu. Kisha makofi yakaanza kufa upande wa akina mama. Phylis, mwenyekiti wa chama chetu, alikuwa ameinama karibu na fremu. Nyuma yangu sebule iko wazi kama uwanja. Hakuna kiti hata kimoja. Kwenye simenti kuna alama za miguu ya kochi, na ukutani msumari wa saa bila saa.

Unajua vile viti havikuwa vyangu peke yangu. Chama kilininunulia zamu yangu ilipofika, na sheria ni kwamba hakuna wa kuuza mpaka kila mmoja awe amepata. Nakhumicha bado anangoja vyake. Mimi niliviuza sokoni Bisil mwezi wa saba, nikanunua nyasi. Ng'ombe wakala sebule yangu, kisha wakafa tu. Hao ndio siafu wako waliokuzuia kuingia ndani.

Nilikuwa nimebaki na giza la nyumba yangu la kunisitiri. Wewe ukalitoa kidogo kidogo, kama ulivyosema. Na nilikuomba kitu kimoja.

Usipige simu.

Katee Mwololo


Kitengela, 1 Novemba 2009

Mama,

Sijui kama bado naruhusiwa kuulizia goti.

Barua yako ya kuniomba nisubiri ilifika kwa wakati. Niliisoma nimesimama kando ya pikapu ya Ngui, fremu ikiwa tayari imefungwa kwa gunia, nikajiambia utafurahi ukishaiona. Nilitaka makofi, Mama. Huo ndio ukweli, na ni mchafu.

Lakini kuna linalonichoma zaidi. Mimi niliuona ule msumari. Nilivuta giza mpaka ukatokea, nikamwita Bedan: "Cheki hiyo msumari! Na hapo kulikuwa giza kabisa!" Nikafurahia zile alama za kochi kwa sababu zilitoka safi. Wiki mbili nzima nikitazama nyumba tupu ya mama yangu, na sikujiuliza viti viko wapi. Nilijiuliza kama rangi ya ukuta imezidi. Naona aibu hata kujitazama kwenye kioo.

Nilete viti? Nimwendee Phylis? Sema lolote, hata kama ni tusi.

Binti yako, ikiwa bado,
Kalunde


Kitengela, 22 Novemba 2009

Mama,

Hujambo? Ngui ananiambia ulipokea barua yangu, ukaifunga kwenye kitambaa, ukaenda shambani. Nilipiga simu ingawa ulinikataza. Haipatikani.

Kamera nimeisukuma chini ya kitanda. Sijui kama hiyo ni toba au ni kujificha. Huku mvua imeanza. Natumaini na huko.

Kalunde wako


Mashuuru, 6 Desemba 2009

Mwaitu,

Sisi ni wazima, na mvua tumeipata. Goti nalo limeanza kulia upya kwa ajili ya baridi. Kikohozi kiliisha?

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira. Hasira ilipoisha nikabaki na aibu, nayo ilinifunga mdomo zaidi.

Viti usilete. Watasema nimejitanguliza tena mbele ya wanaongoja. Alhamisi ilikuwa zamu yangu ya kupokea chama nyumbani. Karibu niseme siafu wamerudi. Halafu nikafungua mlango, na madirisha yote. Wakaja, kila mmoja na kigoda chake kichwani. Phylis aliingia wa kwanza. Nakhumicha aliketi, lakini chai yangu hakuigusa, wala sikumlaumu. Nilisimama nikawaambia zamu yangu nyingine ya kununuliwa ikifika, ni yake. Walipoondoka kila mmoja alibeba kigoda chake, nyumba ikawa tupu kama mwanzo.

Nisikudanganye, aibu haijaisha. Kanisani nakaa nyuma. Mchungaji aliniuliza kama aiondoe ile picha. Nilimwambia aiache, mimi nimetoka vizuri.

Ulikosa kunisikia, hilo ni kosa lako. Lakini kuhusu viti usijiue. Mimi ndiye niliyekuambia hatujakosa, na chai nikakuwekea nje.

Krismasi uje. Kamera itoe chini ya kitanda, vumbi litaiharibu. Ila safari hii utaingia ndani kwanza, ukae nami hapo sakafuni, tunywe chai mpaka iishe. Kupiga picha kutangoja.

Mama yako