Wembe wa Baba Mkwe

Kapsoya, Eldoret

Mpendwa Baba,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mimi na Javan tu wazima, ukiacha mafua, ambayo Eldoret haimnyimi mtu. Goti lako linaendeleaje? Mama ameniambia bado unalikanda kwa maji moto na bado unakataa kwenda hospitali. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unasikia nusu ya maneno halafu unajibu yote, na habari hii nataka uipate nzima. Inahusu wembe. Najua sasa umetafuta miwani.

Unamkumbuka baba mkwe wangu, Mzee Mulongo wa Turbo, yule mzee wa kanisa aliyenuna siku ya harusi aliposikia bibi arusi ni kinyozi. Hajawahi kuipenda kazi yangu ya kushika vichwa vya wanaume. Basi mwaka huu mikono yake imeanza kutetemeka. Maisha yake yote amejinyoa kwa wembe wa kukunja, na mashine hataki hata kuiona kwa kuwa inamwachia vipele. Alijikata kidevu, akajikata tena, akaacha. Ndevu zikamea ovyo, naye akaacha kwenda kanisani, maana aliyezoea kusoma Neno mbele ya watu hakutaka kusimama pale kama mtu aliyelala shambani. Mama Nabwire, mama mkwe, alikuwa akilia kwenye simu.

Mimi ningemnyoa kabla chai haijapoa. Lakini kwao mke wa mwana hamgusi baba mkwe, hata mkono wa salamu hampi. Javan, kwa kuwa ni mwanawe, alijaribu, wembe ukavuta ndevu badala ya kuzikata, mzee akatokwa machozi na kumfukuza. Javan akarudi na ule wembe mfukoni akaniomba niunoe. Niliogopa, Baba. Nikiuharibu, ningewatazama vipi watu wa boma lile?

Mtu alikuwa ameunoa kwenye jiwe la kunolea panga, makali yote yameliwa. Nilikwenda kwenye hardware ya Mama Waiyego mjini, nikashika kila jiwe mpaka akaniambia hizi si nyanya, nichukue moja ama nipishe customer. Nikachukua lililokuwa laini kuliko yote, linateleza kama sabuni, nikijiambia kwamba wembe wa baba mkwe haukwaruzwi. Nilisugua mchana kutwa. Ukang'aa mpaka nikajiona uso, na haukukata hata unywele mmoja wa mkono wangu.

Ndipo nikapaka wino wa maka pen kwenye makali, kama ulivyonifundisha, ili nione jiwe linagusa wapi, nikaupitisha kwenye jiwe. Wino ulitoka kwa juu tu. Pale mwisho kabisa, kwenye makali yenyewe, ulibaki vile vile. Woga ndio ulionichagulia jiwe. Wembe uliochoka hivyo unataka kwanza jiwe linalokula chuma, ila si kwa pupa. Nikarudi kwa Waiyego, akacheka, nikachukua la kati. Nililisawazisha kwanza juu ya msasa, kwa kuwa jiwe lenye bonde haliwezi kutoa makali yaliyonyooka. Kisha nikalaza mgongo wa wembe na makali pamoja, upande huu, upande ule, mkono mwepesi, mpaka pande mbili zikakutana na unywele ukaruka. Lile laini likaja mwisho, na hiyo ndiyo kazi yake. Javan nikamfanyisha mazoezi kwenye maputo yaliyopakwa povu. Alipasua mengi, majirani wakadhani tuna sherehe.

Jumamosi tukaenda Turbo. Javan na Mzee walijifungia sebuleni, mimi nikakaa jikoni na Mama Nabwire, chai imetushinda kunywa. Safari hii hatukusikia mtu akifukuzwa.

Sasa Baba, nikwambie nililokuficha. Tangu Pasaka Mzee alikuwa ametuma neno kwamba mke wa nyumba yake aache ukinyozi, nami nikakubali. Nilikuwa nimeshamwambia Ephantus, mwenye duka la kinyozi ninakofanya kazi, atafute mtu mwingine. Sikukwambia kwa sababu kazi hii ni wewe uliyenifundisha, na nilijua ungenyamaza, na ukimya wako siuwezi.

Basi tukiwa pale jikoni, nikamsikia Mzee akimuuliza Javan ni nani aliyenoa. Javan akamwambia. Halafu Mzee akamwita Mama Nabwire kwa sauti ambayo hata ng'ombe waliisikia, akasema huyo mama wa kinyozi aambiwe wembe hautabaki Turbo. Akae nao kule kazini kwake, na kila Jumamosi uletwe ukiwa hivi. Mama Nabwire akanigeukia akanikariria neno kwa neno, utadhani mimi nilikuwa Bungoma. Nililia, Baba, wala sikuona haya. Jumatatu nikamwambia Ephantus asitafute mtu.

Nisalimie Mama, umwambie sukuma wiki alizotuma zilifika. Mungu akulinde, na uende hospitali.

Ni mimi binti yako,
Bridgit Aloo,
Kinyozi.