Siku Birgitta Alipokula Sombe

Neema mjukuu wangu,

Barua yako imefika. Huku Rågsved, Uswidi, tuko wazima. Mama yako bado anafanya usafi uwanja wa ndege, na magoti yangu ni yale yale, tuyaache.

Umeuliza kwa nini familia ya wakimbizi unayoisaidia huko Amerika inakujibu tu, "Asante, tuko sawa."

Sisi pia tulimjibu Birgitta hivyo. Tulipofika hapa, mama huyo wa kanisani alitujia kila Jumanne na makoti, viatu, hata mapazia. Kila Jumanne nilimpikia bugali na sombe yetu ya majani ya muhogo, akakataa kwa adabu. Kumbe aliogopa kutupunguzia chakula. Mimi niliona ananidharau, na mtu anayekudharau humwonyeshi shida zako.

Jumanne moja theluji ilimchelewesha, akafika na njaa. Nikamwekea sahani bila kumuuliza. Akala kwa mkono, sombe ikamchafulia sweta, akaomba nyingine. Nilicheka sana. Kisha nikafungua kabati, nikamtolea barua ya Kiswidi ambayo sikuielewa, niliyoificha majuma matatu. Aliisoma akasimama. Wewe, mtoto wa miaka minne, ulikuwa umeitwa hospitali kupasuliwa sikio, kesho yake asubuhi.

Alitupeleka mwenyewe. Ndilo sikio unalosikilizia simu zangu.

Basi usiwaulize tena wana shida gani. Siku ukienda kwao, nenda na njaa.

Mimi tate yako